Nani Alichinja Mbuzi wa Karamu

Baba alipokuja kutafuta chumba Majengo, hakuulizwa kabila wala kazi. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja Mwislamu, ambaye sisi watoto baadaye tulimwita Bibi, na alimwuliza kitu kimoja tu: "Nyama mtakula ya nani?" Baba alikuwa mchongaji kutoka Ukambani, mtu wa vinyago vya twiga na swara, na tangu ashuke Nairobi alikuwa hajaonja nyama. Bibi akampa masharti. Nguruwe haingii nyumbani mwake. Mnyama yeyote atakayeliwa humo achinjwe na ndugu yake, mzee aliyekaa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba. Mengine yote, pamoja na Yesu, hayakumhusu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na nyuma kulikuwa na ua wenye bomba moja. Majiko yetu yalipangwa pale ukutani kama watu waliopanga foleni. Sufuria ya mmoja ilipikia mwingine. Chumvi haikuombwa, ilichukuliwa. Mama alimwita Bibi "dada", na Bibi alimwita Mama "mdogo wangu", ingawa mmoja aliswali mara tano kwa siku na mwingine aliimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba akifua.

Kila Krismasi Mama alimpelekea Mjomba kuku. Mjomba alimgeuza upande wa kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakata. Kuku akiiva, Mama naye aliinamisha kichwa juu ya sufuria akaomba kwa jina la Yesu. Nikiwa mdogo nilipiga hesabu kwamba kuku wetu aliombewa mara mbili wakati wa wenzetu wa Shauri Moyo aliombewa mara moja, nikaona tumepata faida. Tulikula sisi, akala Bibi, wakala wanawe. Idd ikifika tulikula ya kwao. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ilikuwa huduma ya kuvuka mipaka ya tamaduni. Tulidhani ni chakula cha mchana.

Katikati ya miaka ya tisini Baba alikuwa ameshatutoka. Mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, kazi inayomfundisha mtu kuhesabu kila jozi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza unahesabu viatu na mara ya pili unahesabu vya mguu wa kushoto. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa letu la mabati, upande wa Pumwani. Kanisa lilijaa watu wa Ukambani na watu wa magharibi, madereva, makarani na wafagiaji wa baraza la jiji, na majirani wetu Waislamu walipita mlangoni kila Jumapili wakisalimia. Walikuwa wamepita hivyo miaka na miaka, hakuna aliyewahi kufikiri wana shida.

Ndipo akaja mmishenari, tukamwita Pasta.

Alikuwa mtu mzuri. Nalisema mapema kwa sababu ya yatakayofuata, na kwa sababu ni kweli. Alitoka ng'ambo, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na hakuogopa matope. Kiswahili alikuwa amesomea shuleni na kilikuwa safi kupita kiasi. Aliwaamkia vijana wa kona "shikamoo" wakamjibu kwa Sheng yao "niaje, buda", naye kwa unyenyekevu wake akalishika hilo jipya, akampelekea Mjomba kesho yake.

"Niaje, buda," akamwambia.

Mjomba akamwuliza kama ana homa.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kuvaa kanzu na kofia. Alikuwa amefundishwa kwao kwamba ukitaka kumfikia Mwislamu uvae anavyovaa na uketi anavyoketi. Akawa anapita Majengo jioni na kanzu yake nyeupe, mabuti yakichungulia chini. Bibi hakukasirika. Alimwita Mama uani akamwambia, "Mdogo wangu, mwambieni Pasta wenu aamue. Nikimwona kwa mbali natoa salamu, akikaribia inabidi niirudishe. Mimi ni mtu mzima, nachoka."

Mama alicheka hadi akaketi. Lakini hakumwambia Pasta. Alimheshimu. Alikuwa mchungaji wa kwanza kumwuliza maoni yake kuhusu jambo lolote lisilokuwa chai.

Siku moja Mama akamleta nyumbani. Bibi akamwandalia pilau, Pasta akaketi mkekani na miguu yake mirefu haijui iende wapi, akala akamaliza, akaomba ongezo. Alitoka pale amewaka. Jumapili iliyofuata akawaambia washirika kwamba nyumba ya mama yetu ni mlango ambao Mungu ameufungua. Mama alishika leso yake kwa mikono miwili asijue atazame wapi. Nami, kwa sababu ya biashara yangu, nikisikia mtu anasifu mlango wangu nafikiri kwanza anataka kuingiza nini.

Alichotaka kuingiza ni karamu. Wageni wangekuja kutoka kanisa la kwao, watu waliomtuma na kumtunza, na alitaka waone Wakristo na Waislamu wa Majengo wameketi pamoja wanakula. Baada ya chakula angesema maneno machache. Alinifuata Gikomba kuniuliza mbuzi wazuri wanapatikana wapi. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mwanamke kisicho na mwenzake.

"Mbuzi wangapi, Pasta?"

"Watano."

"Watachinjwa na nani?"

"Na wazee wa kanisa, bila shaka."

"Basi watakaokula ni wazee wa kanisa."

Hakuelewa, nikamweleza. Nikamwambia habari ya Mjomba, kibla na kuku wetu wa Krismasi. Alisikiliza vizuri, kichwa upande. Akasema alikuwa amesoma kuhusu hilo. Nikamjibu kwamba sisi hatukusoma, tulikula tu. Akatabasamu. Akasema yeye binafsi hana tatizo, ila yuko mzee mmoja wa kanisa ambaye lazima akubali kwanza.

Huyo mzee nilimjua. Alikuwa karani wa reli, mtu wa magharibi, amevaa tai hata siku ya kufagia kanisa, na fungu lake la kumi halikuwahi kuchelewa. Hatukupendana lakini tuliheshimiana, kama watu wawili wanaojua bei. Tulimkuta kanisani akipanga viti. Nilimweleza. Alipomaliza kupanga safu yake akaketi kwenye kiti cha mwisho.

"Kijana," akasema, "babu yangu alikuwa akichinja jogoo mlangoni huku anataja maneno. Nilipookoka nikakataa kumla. Nikafukuzwa. Sikuingia tena nyumba ile mpaka siku ya kumzika. Wewe sasa unataka nimpe Bwana mbuzi aliyetajiwa maneno na mtu mwingine."

"Mzee, si maneno ya mizimu. Mjomba anamtaja Mungu."

"Babu naye alikuwa akimtaja Mungu."

Hasira yake ilikuwa imenunuliwa ghali. Alikuwa amelipa nyumba ya kwao kwa ajili ya jogoo mmoja, na sasa kijana wa viatu anamwambia jogoo si kitu. Alivuka mpaka mmoja katika maisha yake na kila mpaka aliouona baadaye alidhani ni ule ule.

Lakini nilikuwa nimekuja kupatana na sikutaka kurudi mikono mitupu. Nikapendekeza Mjomba achinje, mzee asimame pale pale, na Mjomba akimaliza, mzee aombe. Kila mtu amtaje wake. Pasta akafurahi mno, akashika mabega yetu wote wawili. Akasema huo ndio upatanisho. Mzee hakusema kitu. Sokoni, mteja aliyebishana sana akinyamaza ghafla, ama amekubali ama ameshaona kibanda kingine. Mimi nilimchukulia kwamba amekubali.

Mama ndiye aliyekwenda kumwalika Bibi. Nilikuwapo, nabadilisha kamba za viatu pale uani. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Dada, Jumamosi tuna karamu kanisani. Pasta anaomba majirani waje."

"Nyama ya nani?"

"Ya Mjomba."

"Atachinja mwenyewe?"

"Tumeshapatana."

Bibi akapuliza makapi. "Basi nitakuja. Na sufuria zangu za arusi mzichukue, hizo zenu za kanisa zinapikia chai ya watu kumi halafu zinalalamika."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mkataba. Hakuna karatasi. Bibi akienda, mtaa wa nyuma ungekwenda, na Mjomba akichinja, wanaume nao wangekuja. Wote walikuja kwa neno la Mama. Pasta alidhani wanakuja kwa sababu ya kanzu yake.

Ijumaa jioni, nilipofunga kibanda, nilikwenda kuona mbuzi. Walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa, watano, wanono. Nilihesabu, nikarudi nikahesabu tena, wakawa watano. Nikaenda nyumbani nimeridhika. Mbuzi walikuwa sawa. Sikuwa nimefikiri kuhesabu visu.

Jioni hiyo hiyo, nilikuja kuambiwa baadaye, Pasta alipita kwa Mjomba baada ya swala. Akamwambia asijisumbue kuamka mapema, kwa kuwa mzee wa kanisa amesema nyama itakuja tayari imekatwa, yaani kutoka bucha, neno ambalo Pasta aliliongeza mwenyewe. Mjomba alimwuliza bucha ipi. Pasta akajibu, "Ya hapa hapa." Bucha zote tulizozijua pale Majengo zilikuwa za Waislamu, kwa hivyo jibu lilimtosha Mjomba. Nadhani lilimtosha na Pasta, maana hakumwuliza mzee zaidi. Mtu anayetaka sana kununua haangalii soli.

Jumamosi Mama alikuwa kanisani tangu alfajiri. Nyama ililetwa kwenye makarai, imefunikwa magunia, imeshakatwa vipande, na Mama naye alikuwa ameambiwa na Pasta kwamba ni ya bucha. Akina mama wakaikaanga kwenye sufuria za Bibi, vitunguu, tangawizi, nyanya, mpaka harufu ikavuka barabara na vijana wa kona wakaanza kuuliza kuokoka kunaanza saa ngapi. Wageni wa Pasta walifika na gari lao na kamera ya video. Mikeka ilitandikwa. Bibi aliketi mbele na wakwe zake, Mjomba akaketi na wanaume upande wa pili, kanzu zao zimepigwa pasi. Sijapata kuona tena kanisa letu limejaa hivyo, na halikuwa limejaa sisi.

Mimi nilikuwa naingiza mabenchi kwa mlango wa jikoni. Mama, akionja chumvi, akamwambia mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama pale, "Huyo wa bucha tumshukuru, nyama ni laini. Ni bucha gani?"

Mzee hakuwa mwongo. Akiulizwa moja kwa moja hakupinda. "Hakuna bucha," akasema. "Nimechinja mwenyewe alfajiri, kwa jina la Bwana. Ni nyama safi kuliko yote iliyowahi kuingia Majengo."

Mwiko ulibaki juu, mkononi mwa Mama.

Pasta akaingia wakati huo, amefurahi, kofia imekaa upande, anatafuta sahani za kwanza. Mama akamwambia. Nilimtazama usoni na naweza kusema bila kumpendelea kwamba hakuwa anajua. Alimgeukia mzee, wakanong'onezana kwa Kiingereza, na mzee hakuinamisha macho hata kidogo. "Ulitaka kuwalisha," akamwambia kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Nimekupa chakula ambacho hutamjibia Mungu."

Nje watu walikuwa wanaongea kwa furaha. Kamera ilikuwa imeshawashwa.

Nikamvuta Pasta kando. "Tuseme nyama imeungua," nikamwambia. "Upo wali mweupe, zipo soda, kuna kabeji haijagusana na kitu. Watacheka, watatusamehe, wiki ijayo Mjomba anachinja na tunaanza upya."

"Haijaungua. Inanukia mpaka barabarani."

"Basi tuseme ukweli kwa Mjomba peke yake, atajua la kuwaambia wenzake."

Alikuwa anatazama mlangoni, wale watu waliotoka mbali wakiwa wamesimama na kamera. Nilijua uso huo. Ni wa mtu aliyefunga safari yote kwa bidhaa moja. Alimrudia Mama akaongea naye kwa upole, kwa kile Kiswahili chake kisicho na doa.

"Mama, Mungu ameumba vyakula vyote kuwa vizuri. Tukiwaambia leo watadhani tuliwakusudia mabaya. Wacha wale kwa upendo. Siku itafika tutawaeleza, na wao wataelewa."

"Na kwa sasa, Pasta?"

"Kwa sasa pakua wewe. Wakiuona mkono wako watakula."

Akampa sahani. Alikuwa sahihi kabisa, na huo ndio ubaya wenyewe. Wangekula. Bibi hakuwahi kuchungulia chakula kilichotoka mkononi mwa Mama.

Mama akapakua. Wali, mchuzi, vipande viwili vizuri vya paja. Nikadhani amekubali. Mzee wa kanisa naye alidhani hivyo, maana alirekebisha tai. Mama akatoka na ile sahani, akapita katikati ya mikeka, kamera ikimfuata, akafika mbele ya Bibi akapiga magoti kama anavyopiga mtu anayemhudumia mkubwa wake. Bibi akanyoosha mikono kupokea. Mama hakuiachia sahani.

"Dada, usile," akasema.

Hakupaza sauti. Bibi alimtazama, akatazama sahani, akatazama jikoni ambako sufuria zake zilikuwa bado motoni. Hakuuliza kwa nini. Alijifunga leso vizuri, akashika bega la mkwe wake akasimama.

"Tumeshukuru," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mungu awazidishie."

Wanawake wakasimama wote. Upande wa pili Mjomba alikuwa ameshaelewa, akavaa makubazi yake, na wanaume wakafuata. Hakuna aliyetukana. Walitoka mmoja mmoja wakisema asante, na Pasta alikuwa anakimbia kati yao na kanzu yake, akishika mikono yao. "Karibuni, jamani. Bado. Karibuni." Mzee mmoja akamjibu, "Tumekaribia, baba, tumekaribia," huku anatoka. Wageni walidhani ni desturi kusimama kabla ya kula, wakaendelea kupiga picha mpaka mikeka ikawa mitupu.

Tulikula wenyewe. Chakula cha watu wengi hivyo hakitupwi. Mama hakukigusa. Alikaa nyuma akisugua sufuria za Bibi kwa mchanga na majivu, akazisuuza, akazisugua tena.

Wiki iliyofuata aliitwa na baraza la wazee. Nilimsindikiza nikangoja nje, lakini mabati hayazuii maneno. Mzee wa kanisa alisema Mama amewapenda watu kuliko Mungu. Mama akasema hakujua kwamba kuna foleni. Kisha Pasta akasema, kwa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli, kwamba kazi ya miaka imeharibika kwa dakika moja, na kwamba angependa Mama apumzike kidogo katika uongozi wa akina mama.

"Bado sielewi kwa nini hukunishauri," akamwambia. "Ungeniambia neno tungeomba pamoja."

"Ulinipa sahani, Pasta. Hukuniuliza kitu."

Akapumzishwa. Gikomba ukiambiwa upumzike, ukirudi unakuta kibanda chako kina viatu vya mtu mwingine. Kiongozi mpya alikuwa mke wa mzee wa kanisa. Mama hakuhama kanisa. Alisogea tu benchi za nyuma, pale wanapokaa wenye watoto wachanga, akaimba kutoka huko.

Nilidhani angalau nyumbani ametoka na faida. Alikuwa amesema kweli, na Bibi alijua gharama yake. Nilihesabu hivyo na nikahesabu tena, na mara zote mbili nilikosea.

Bibi hakumlaumu hata siku moja. Jioni ile ile alimwambia, "Umenistahi, mdogo wangu. Mungu anajua." Lakini sufuria zilizorudi zimeng'aa alizianika juani siku nyingi, akaziingiza chumbani, na hazikutoka tena kwa mtu yeyote. Wanawe walikuwa watu wazima wenye marafiki msikitini, na marafiki wanauliza. Nyumba gani hiyo inayofuga watu wa kutulisha kibudu? Hata aliyeeleza kwamba Mama ndiye aliyewaokoa alijibiwa kwamba Mama ndiye aliyewaalika. Yote mawili yalikuwa kweli. Vijana wa kona nao wakapata la kusema. "Mathe, sasa. Leo mnapika nini, kibudu?" Walikuwa wanatania tu. Wangemtania yeyote.

Mjomba aliendelea kutusalimia. Krismasi Mama alimpelekea kuku kama kawaida, akamchinja, akamrudisha kwa heshima zote. Mama akapika, akamwita Bibi. Bibi akaja, akala kipande kidogo, akasema amefunga jioni ile kwa ajili ya kisukari. Wakwe zake walikuwa na safari. Sikujua kwamba mtu anaweza kufunga nusu, lakini sikuuliza.

Hayo yalikwenda hivyo bila ugomvi. Chumvi ikaanza kuombwa. Jiko la Mama likabaki peke yake mwisho wa ukuta, si kwamba lilisogezwa, ila mengine yalisogea. Ukinunua nyama, korido ilinyamaza unapopita na mfuko. Mama akaacha kununua nyama. Kisha siku moja akaniambia nimtafutie chumba mahali ambapo hajulikani.

Nilipata Tassia, kule ambako maghorofa ya kupangisha ndiyo yalikuwa yanaanza kuota. Nikamwambia ni mbali na kanisa. Akasema anajua.

Alikwenda kumuaga Bibi, nami nilikuwa korido nafunga godoro kwa kamba. Bibi alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi.

"Unahamia nini, mdogo wangu? Kodi nimekupandishia?"

"Hapana, dada."

"Kuna mtu amekutukana ndani ya nyumba yangu? Nitajie."

"Hakuna."

"Sisi wawili tumegombana?"

"Hatujagombana," Mama akasema. "Tungegombana ningekaa."

Nilisikia kitanda kikilia, nikajua Bibi amegeukia ukutani. Mama akasimama mlangoni kidogo kisha akatoka, akaniambia kamba nimeifunga vibaya.

Pasta aliondoka mwaka uliofuata, muda wake ulikuwa umekwisha. Siku ya kuagana alisema Majengo ni udongo mgumu. Mzee wa kanisa alimwombea kwa sauti iliyotetemeka, nadhani alimpenda. Kanzu alimwachia mlinzi. Hakuna aliyemwambia kwamba ule udongo ulikuwa umelimwa kabla hajaja, na kwamba waliokuwa wakilima hawakujua kwamba ni shamba.

Mimi nilikuwa bado Gikomba, hatua chache kutoka kwa Bibi, kwa hivyo nilikuwa mbeba salamu. Nilizipeleka na kuzirudisha. Mama alisema kila mwezi atakwenda kumwona, na Bibi alisema kila mwezi atakuja, lakini miguu, lakini ngazi.

Ikawa Bibi ameugua kweli. Nilimwambia Mama, akavaa gauni lake la kanisa akaenda peke yake mchana. Aliporudi nilimkuta ameketi kitandani hajavua viatu. Nikamwuliza hali ya mgonjwa. Akasema amemtambua, amemshika mkono, wamezungumza habari za Baba na vinyago vyake ambavyo havikuwahi kufanana na twiga.

"Halafu mkwe wake akaingia," akasema. "Akaniuliza kama nitakunywa chai."

Katika nyumba ile, miaka yote tuliyokaa, kikombe kiliwekwa mbele yako tu. Aliyeulizwa alikuwa mtu wa bima, au mtu wa kusoma mita.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nimekunywa nyumbani," Mama akasema, akainama kufungua viatu.